Askari wa Kifaru

Sisi Watanzania tunatembea na kifaru mfukoni. Itazame noti ya shilingi 5,000: yumo, kasimama na pembe zake mbili. Itazame sarafu ya shilingi 50: yumo tena, safari hii yeye na mtoto wake, na upande wa pili sura ya Mzee Ali Hassan Mwinyi. Konda wa daladala anamhesabu, mama ntilie anamfunga kwenye pindo la khanga, mtoto anamtumbukiza kwenye kibubu. Hakuna fukara ambaye hajawahi kummiliki walau kwa nusu saa. Lakini nenda kijiweni kwetu pale Majengo, uulize katika vijana kumi ni nani amemwona kifaru kwa macho yake, mzima, anapumua, anatafuna matawi ya miiba. Watakucheka, bwana.

Nimezaliwa na kukulia Dodoma, mji ambao wenyewe jina lake limetokana na mnyama. Wazee wa Kigogo wanasimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji, akanasa kwenye tope, akadidimia asitoke tena, na mahali pale pakaitwa Idodomya, yaani pamedidimia. Wageni wakashindwa kulitamka vizuri, likawa Dodoma. Hadithi inamtaja tembo, inalitaja na tope. Wale watu waliokuwepo wakamwona akizama, pengine wakajaribu hata kumvuta, hakuna anayewataja.

Msomaji, mimi ni kijana ninayetaka kuandika riwaya, na mtu wa namna hiyo ana ugonjwa mmoja: kila akisikia habari, anamtafuta mtu aliyekuwepo. Ndiyo maana picha za wanyama zinanipa taabu. Ziko kila mahali: kuta za hoteli, fulana za wageni, vibao vya baa, migongo ya malori. Mnyama yupo, mti upo, Mlima Kilimanjaro upo hata pale ambapo hauonekani. Mtu hayupo. Ukizitazama picha hizo utadhani wanyama wetu wanajilinda wenyewe.

Hawajilindi, na kifaru ndiye shahidi wa kwanza. Mwaka 1970 Afrika ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi 65,000. Kufikia mwaka 1995 walikuwa wamebaki kama 2,400. Robo karne tu! Walikufa kwa ajili ya pembe, na pembe yenyewe ni kitu kilekile cha kucha zako na nywele zako. Yemen walitengenezea mipini ya majambia. Asia ya Mashariki walisagia dawa. Katika Kreta ya Ngorongoro, mtafiti John Goddard aliwatambua vifaru 108 katika miaka ya 1960, mmoja mmoja. Katika miaka ya 1990 waliobaki mle hawakufika 20. Ruaha, kusini mwa uwanda wetu huu wa kati, vifaru walikuwepo. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 ukawafuta kabisa. Leo Afrika ina vifaru weusi zaidi ya 6,000. Hawakuongezeka kwa miujiza. Kuna watu walilala porini, wakanywa maji ya madimbwi, wakapigwa na mvua na risasi.

Sasa angalia ajabu yetu. Majina ya vifaru tunayajua. Fausta, yule bibi wa Ngorongoro, alipokufa Desemba 2019 akiwa na umri uliokadiriwa kuwa miaka 57, habari zake zilisomwa mpaka ng'ambo. George alikuwa mmoja wa vifaru watano walioletwa Serengeti kutoka Afrika Kusini Mei 2010 na kupokewa na Rais Jakaya Kikwete. Majangili walipomuua Desemba ya mwaka uleule, nchi ilisikitika. Na Faru John? Mwishoni mwa mwaka 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotaka maelezo ya kuhamishwa na kufa kwake, kila meza ya kahawa ilikuwa na mtaalamu wa Faru John. Vizuri. Sasa nitajie askari mmoja aliyekuwa akiwalinda. Mmoja tu, nami nitakununulia chai na chapati mbili.

Ukumbusho upo, sisemi haupo. Ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro kuna mahali panapoitwa Heroes Point, pa kuwakumbuka waliokufa katika kazi ya uhifadhi. Tarehe 31 Julai ni siku ya kimataifa ya askari wa wanyamapori. Lakini jiwe la kumbukumbu linasomwa na aliyelifikia, na siku ya kimataifa huisha saa sita usiku. Sanaa ndiyo inayoingia majumbani bila hodi. Hiyo sanaa imewasahau.

Simlaumu Edward Saidi Tingatinga. Alianza mwaka 1968 Dar es Salaam, na vipande vya hadibodi na rangi za mafuta zile za kupakia milango na baiskeli, akiuzia watu pale Morogoro Stores, Oysterbay. Miaka minne tu, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Katika miaka hiyo minne alitupa macho mapya: chui mwenye madoa yanayocheza, ndege mwenye shingo ya maringo. Waliomfuata wakaijaza dunia wanyama wetu. Mnunuzi alitaka mnyama, akapewa mnyama. Hata Mwingereza David Shepherd, aliyefariki mwaka 2017, alifuata njia hiyo. Alikuwa mchoraji wa ndege za kijeshi. Alipofika Afrika Mashariki mwaka 1960 akaombwa achore wanyama, na picha yake ya kwanza ya mnyama ilikuwa ya kifaru. Baadaye hapa kwetu alikuta kisima kilichotiwa sumu, na pundamilia 255 wamelala wafu. Tangu siku hiyo brashi yake ikawa ya kuchangisha fedha za ulinzi wa wanyama, na mwaka 1984 akaanzisha mfuko wake. Pesa za picha zikawafikia walinzi. Ndani ya picha hawakufika.

Picha moja ninayoijua ilivunja mwiko huo, nayo ni ya kamera. Machi 2018, huko Ol Pejeta nchini Kenya, alikufa Sudan, dume la mwisho la vifaru weupe wa kaskazini. Mpiga picha Ami Vitale alimnasa mlinzi Joseph Wachira akiagana naye, kichwa cha mtu kimeegemea kichwa cha mnyama. Ilizunguka dunia nzima. Nadhani ilizunguka kwa sababu watu walimwona kwa mara ya kwanza yule ambaye siku zote alikuwa nje ya fremu.

Mwaka jana mimi na mshikaji wangu tukasema na sisi tujaribu yetu. Mshikaji huyu anachora vibao hapa mjini: saluni, bucha, gereji. Kijiweni tunamwita Fundi. Siku akiwa hana kazi huchora wanyama kwa mtindo wa Tingatinga, akawauzia wageni wanaokuja kwenye mikutano. Nami jirani yangu huku Chang'ombe ni mzee mmoja aliyekuwa askari wa wanyamapori tangu mwanzo wa miaka ya 1970, katika mapori ya kusini mwa Manyoni, enzi ambazo vifaru walikuwa bado wanapatikana huko. Sasa mguu mmoja hauna nguvu, anashinda chini ya mwarobaini wake anasikiliza redio. Tukapanga: Fundi achore kifaru, tumpelekee mzee kama zawadi tarehe 22 Septemba, Siku ya Kifaru Duniani. Heshima kwa mzee, basi. Hatukuwa na mpango mkubwa zaidi ya huo.

Tukafika na mzigo wetu umefungwa gunia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmeniletea mlango?"

Fundi akafungua. Kusema kweli picha ilikuwa bomba. Kifaru wa buluu nzito, macho makubwa, nyuma jua la rangi ya chungwa, chini majani yamepangwa kama kanga za dukani. Mzee akaisogeza karibu, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza:

"Kazi nzuri. Ni nani huyu?"

"Ni kifaru, babu," Fundi akajibu.

"Naona ni faru, sijapofuka." Watu wa porini husema faru, sisi wa mjini ndio tunaosema kifaru. "Nauliza ni nani. Ana masikio mazima yote mawili, kama wa kwenye noti. Sisi tulikuwa na jike moja, sikio lake la kushoto limechanika mpaka katikati. Tulikuwa na dume, pembe ya nyuma ndefu kuliko kawaida, imeinama mbele kidogo. Huyu simfahamu."

Tukanyamaza. Mzee akaona tumenywea, akacheka.

"Msikasirike. Ninyi mmechora mnyama. Lakini mimi sikulinda mnyama, nililinda yule jike mwenye sikio lililochanika. Nikiamka nauliza, yuko wapi? Jioni nauliza, amekunywa maji? Ukiniambia 'linda wanyamapori' sijui nianzie wapi. Ukiniambia 'mlinde yule', najua."

Akaniomba kalamu. Nyuma ya bahasha akachora vitu viwili vinavyofanana na majani ya mkungu. Yalikuwa masikio, yanavyoonekana mnyama akikukabili. La kushoto akalitia mkato. Pembeni akachora pembe mbili kwa upande, na chini unyayo wa vidole vitatu na mistari ya nyufa. Mkono ulikuwa unatetemeka kwa uzee, lakini haukusita hata mahali pamoja. Ungedhani anaandika jina lake.

"Haya yalikuwa kwenye daftari la doria," akasema. "Kila tukimwona, tunachora. Mwenzako akija zamu anatazama mchoro, anasema ndiye, au siye."

Baadaye nilijisomea, nikagundua kwamba mzee hakuwa na mambo yake ya pekee. Ndivyo kifaru anavyolindwa mpaka leo. Goddard aliwajua wale 108 kwa umbo la pembe, alama za masikio na mikunjo ya pua. Siku hizi kifaru akilazwa kwa dawa ya usingizi hukatwa vipembe kwenye masikio, na kila mahali pa mkato pana namba yake, ili askari mwenye darubini ajumlishe ajue ni nani. Fomu za doria zina picha tupu ya kichwa na masikio. Askari anajaza kwa mkono wake alichokiona. Kwa maneno mengine, ndugu msomaji, tulikuwa tunawatafuta wachoraji wa kifaru Oysterbay na London, kumbe wamejaa porini wamevaa kaki. Michoro yao haina rangi wala haiuziki. Imechorwa ili kesho mtu aweze kusema: yupo, hajafa.

Fundi ni mtu wa kazi, haoni aibu kuanza upya. Akamwambia mzee, "Basi babu, niache nikuchore wewe. Na sare, na bunduki."

Mzee akakataa. "Bunduki niliibeba tu, haikunifundisha kitu. Kama mkono wako unawasha, mchore mwenzangu."

Ndipo tukasikia habari ya mwenzake. Walikuwa watatu katika doria, na huyo ndiye aliyekuwa akitangulia kwa sababu alijua nyayo kuliko wote. Siku moja, mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliufuata unyayo wa lile jike mpaka kwenye korongo. Majangili walikuwa wamewahi. Wao walikuwa na bunduki za zamani za kufyatua risasi moja moja. Wenzao walikuwa na SMG. Mwenzake akaanguka pale pale. Lile jike halikuonekana tena. Miezi mitatu baada ya mazishi mke wa marehemu alijifungua binti. Binti huyo sasa ni mama mtu mzima, anaishi mkoa mwingine, na hana picha hata moja ya baba yake. Ile ya kitambulisho ilipotea katika kuhamahama.

"Alikuwa na sura gani, babu?" Fundi akauliza, penseli mkononi.

Mzee akafumba macho. Tulisubiri mpaka redio ikamaliza taarifa ya habari.

"Unajua tulikuwa tunatembea kwa mstari," akasema. "Yeye mbele, mimi nyuma yake. Miaka tisa. Nikifumba macho naona mgongo wake. Uso nilikuwa naukumbuka, lakini sasa nikiutafuta unakuja wa kaka yangu."

Jamani, hapo ndipo dili letu la zawadi lilipogeuka kazi. Mtu hana picha. Shahidi aliyebaki anakumbuka mgongo. Fundi akasema anaweza kubuni uso, achore uso wa Kigogo wa heshima, nani atajua? Nikamsimulia habari ya Albrecht Dürer. Mwaka 1515 kifaru alifikishwa Lisbon kutoka India. Dürer, msanii wa Ujerumani, hakumwona. Alipata maelezo ya barua na mchoro wa mtu mwingine, akatoa picha ya kifaru aliyevaa kama deraya ya chuma, na kipembe cha ziada kati ya mabega. Picha nzuri ajabu! Ulaya iliiamini kwa zaidi ya miaka mia mbili. Kifaru wa Dürer hana wa kumlalamikia, lakini yule mama ana baba mmoja tu. Ukimpa uso wa kubuni ataupenda, ataufanyia maombi, atautafuta kwa wajukuu zake, na utakuwa uso wa mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Kazi ikasimama wiki tatu. Mwisho nikamwambia Fundi, twende Kolo tukawaone wakubwa zetu walifanyaje. Tukapanda basi la alfajiri.

Kolo iko Wilaya ya Kondoa, kaskazini mwa mkoa wetu, kando ya barabara iendayo Babati. Katika milima ya jirani kuna majabali yenye michoro ya kale ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mahali penye michoro ni zaidi ya 150. Mary Leakey aliifanyia kazi ya kuinakili mwaka 1951, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Majabali hayo yametumika kwa michoro kwa muda usiopungua miaka elfu mbili, na baadhi yake wenyeji wanaendelea kufanyia matambiko. Unapanda kwa miguu, jasho linakutoka, halafu unainua macho, unawakuta. Twiga. Pofu. Tembo. Na watu! Warefu, wembamba kama fito, vichwa vikubwa vya mviringo, wamechorwa kwa rangi nyekundu kwenye jiwe lilelile walilochorewa wanyama. Hakuna aliyewaambia wachoraji wale kwamba picha ya mnyama inauzika zaidi mtu akiondolewa.

Fundi alikaa chini ya jabali karibu saa nzima, haongei. Halafu akasema, "Oya, umewaona? Hawana macho wala pua. Lakini yule pale amechoka."

Nikamtazama yule wa pale. Mistari mitatu minne tu ya rangi nyekundu, imeinama kidogo kiunoni. Kweli, alikuwa amechoka.

Njia nzima ya kurudi Fundi alikuwa anachora migongo: ya dereva, ya abiria wa mbele, ya mama aliyeshuka Kondoa na ndoo kichwani. Kesho yake tukarudi kwa mzee, na mahojiano yakabadilika. Hatukuuliza tena habari za uso. Tuliuliza: alikuwa anabeba kibuyu cha maji upande gani? Kushoto. Alikuwa anatembea wima? Hapana, bega la kushoto lilikuwa chini kidogo, hata akiwa hana mzigo. Akiuona unyayo anafanyaje? Anapiga goti moja, anaweka kiganja pembeni ya unyayo, haugusi. Kwa nini haugusi? "Ni adabu tu," mzee akasema, "na pia usiuharibu, nyuma kuna mwenzako naye anataka kuusoma." Mzee ambaye hakukumbuka pua ya rafiki yake alikumbuka kiraka cha suruali yake, rangi ya uzi, na mshono ulivyokwenda upogo.

Picha ilikamilika Novemba. Korongo kavu, udongo mwekundu wa kwetu, vichaka vya miiba. Mbele kabisa, karibu na mtazamaji, watu watatu wametupa mgongo. Wa mbele yao amepiga goti, kiganja pembeni ya unyayo, bega la kushoto chini. Mbali, kati ya vichaka, jike la kifaru limegeuza kichwa. Sikio la kushoto limechanika. Fundi hakuacha utingatinga wake: rangi bado zinapiga kelele, majani bado yamepangwa kama kanga. Lakini kila jani, mzee alilikagua.

Kasoro aliyoiona ilikuwa moja. "Ndege yuko wapi?"

Ndege gani? Yule mdogo wa kahawia mwenye mdomo mwekundu, anayetembea mgongoni kwa mnyama akila kupe. Kiswahili kinamwita askari wa kifaru. Kifaru haoni mbali, mzee akatueleza. Ndege huyo ndiye anayeona. Ukinyata vizuri kiasi gani, akikuona anapiga kelele, na faru anageuka. "Sisi tukimsikia tulikuwa tunajua tumekaribia, na faru naye anajua. Yule ndiye askari wa kwanza. Sisi tulikuwa wasaidizi." Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya kazi yao ya Afrika Kusini: kifaru mwenye ndege hao mgongoni humgundua mtu akiwa mbali zaidi kuliko asiye nao. Mzee hajausoma utafiti huo, wala hana haja nao.

Fundi akamtia ndege, na chini akaandika kwa herufi zake za vibao: ASKARI WA KIFARU. Nyuma ya hadibodi akaandika jina kamili la marehemu. Hapa siliandiki, ni la binti yake, yeye ndiye mwenye haki ya kulitangaza.

Tukamtumia picha kwa basi. Siku mbili baadaye akampigia mzee simu, nasi tulikuwepo chini ya mwarobaini. Mzee akaweka sauti kubwa ili tusikie. Mama yule akashukuru sana, akasema ameitundika sebuleni, watoto wanamgombania yule ndege. Kisha akanyamaza kidogo, akauliza taratibu:

"Baba mdogo, huyo kijana hawezi kumgeuza?"

Mzee akatutazama. Fundi akainamia viatu vyake.

"Hawezi, mwanangu," mzee akasema. "Aliyebaki ni mimi, na mimi nilikuwa nyuma."

Ninaandika haya kwa ajili yenu, wenzangu mnaojaza madaftari usiku mkitarajia siku moja kuwa waandishi. Nasi tumelelewa na mashujaa wa vitabuni. Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Nimewasoma mpaka majalada yakang'oka, wala sina ubaya nao. Lakini shujaa aliyepiga goti korongoni pembeni ya unyayo bila kuugusa, mimi bado sijakutana naye katika riwaya. Wanaomkumbuka wako mitaani kwetu, wanasikiliza redio, na kila mwaka wanapungua. Zamani waliitwa Bwana Nyama na watoto wakawakimbia. Usisubiri mgeni aje na kamera. Ukimpata mmoja, usimuulize habari za wanyamapori kwa jumla, utapewa hotuba. Muulize ni yupi aliyekuwa anamlinda.

Brashi ya Fundi imefika ilipofika, na imefika mbali. Kumgeuza yule mtu sijui kama kalamu itaweza. Lakini riwaya inaweza kumfuata akitembea, ikasikia anachosema bila kugeuka. Kwa hiyo kila Jumamosi nakwenda kwa mzee na daftari la kurasa mia mbili. Simbuniani na uso. Naandika anachokijua: kibuyu, kiraka, nyimbo alizopiga mluzi, jinsi alivyogawa ugali wa uwele kwa watatu. Jumamosi iliyopita alinichorea masikio ya lile dume. Zimebaki nyayo.